Viti Vitatu vya Sheria Moja: Mafunzo Niliyopata

Vijana wengi wanaokuja ofisini kwangu kujifunza uwakili wanataka siku moja kuwa wabunge, na baadaye majaji. Safari hiyo inawezekana. Njoki Ndung'u aliwahi kuwa wakili wa serikali, akawa mbunge wa kuteuliwa kuanzia 2003 hadi 2007, na tangu 2011 ni jaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya. Mimi nimebaki kwenye meza ya mawakili, nikiitumia Sheria ya Makosa ya Ngono, aliyoifikisha Bungeni. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mswada huanzia kwa mteja

Kabla ya 2006, mama mmoja aliniletea kesi ya mwanawe wa kiume aliyelawitiwa na jirani mtu mzima. Nilifungua Kanuni ya Adhabu kwenye kosa la unajisi, nikakuta linawataja wasichana tu. Tena lilikuwa katika sura ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba aliyeumizwa ni desturi. Ilibidi mwendesha mashtaka atafute kifungu kingine. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ndiyo iliyomkinga kila mtoto, wa kike na wa kiume. Kaa kwanza na watu walioachwa nje na sheria, siasa itakungoja.

2. Bungeni hoja nzuri haitoshi

Hili lilinishangaza kuliko yote. Mahakama ilikuwa imenizoesha kuamini kwamba mwenye ushahidi na hoja atasikilizwa. Mswada wa sheria hiyo uliletwa na mbunge mmoja, Njoki, si serikali, katika Bunge lenye wanawake wachache mno. Katika mjadala, mbunge mmoja alidai kwamba wanawake husema hapana ilhali wanakubali, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Ulipopita, ulikuwa umepunguzwa. Mume anayemlazimisha mkewe aliachwa nje ya kosa la ubakaji. Kikaongezwa kifungu cha 38, kilichosema anayetoa madai ya uongo apewe adhabu ile ile ya kosa alilodai kutendewa. Hebu fikiria msichana anayesomewa hayo kabla hajaandikisha taarifa kituoni!

Nilikichukia kifungu hicho, na sioni haya kusema hivyo. Lakini kilifutwa mwaka 2012, na sheria ikabaki. Kama aliyeuleta mswada angengoja upite mzima, watoto kama yule wa mama yule wangeendelea kusubiri. Ukiingia Bungeni, jua mapema ni lipi unaloweza kuliacha kwa sasa, na lipi ukiliacha hakuna tena sababu ya kuwa na mswada.

3. Jaji husimama na anachokiamini

Tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne wa Mahakama ya Juu walifuta uchaguzi wa urais. Wawili walipinga, Jackton Ojwang na Njoki. Unaweza kukubaliana na Njoki au kukataa. Mbunge asiyepata kura hupoteza hoja yake. Jaji aliyezidiwa kwa idadi huiandika, nasi tunaisoma hadi leo.

4. Sheria ikishapita, si yako tena

Nimewatetea wavulana waliotoka tu utotoni, wapenzi wao wakiwa na miaka 17. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinasema miaka isiyopungua 15 gerezani. Sheria niliyoitamani kwa ajili ya yule mtoto ndiyo iliyowabana wateja wangu hawa, na bado naamini tuliihitaji.

Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji. Wengi tukaichukua hoja hiyo na kuomba vifungo vya makosa ya ngono navyo vipunguzwe. Mwaka 2021 Mahakama hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu, na Julai 2024 ikasema viwango vya chini vya Sheria ya Makosa ya Ngono ni halali. Kuvibadilisha ni kazi ya Bunge.

Kwa hiyo kifungu cha 8 kinarudi kule kule kwenye hesabu ya kura. Natamani uje mswada unaowatenganisha vijana wawili wanaopendana na mtu mzima anayewavizia watoto. Ukifika Bungeni, anza na huo.