Sajili ya Barua ya Rufani ya Nafasi ya Shule: Mfano wa Mama Ngina, Mombasa

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuchunguza lugha ya barua ya rufani ambayo mzazi huandika kwa niaba ya mwanawe aliyekosa shule aliyoitaka. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walitathminiwa katika Gredi ya 9 mwaka 2025, kisha wakapangiwa shule za Gredi ya 10. Muda wa kuomba mabadiliko ulikuwa mfupi, na maombi yalipitia kwa mkuu wa shule aliyotoka mwanafunzi. Barua isiyoeleweka upesi humnyima mkuu huyo hoja za kuwasilisha.

Rufani na Ombi

Neno rufani lina asili ya Kiarabu, na hubeba dhana ya kuinua jambo hadi kwa mwenye mamlaka ya juu. Ombi hutegemea hisani. Rufani hutaka uamuzi utazamwe upya, hivyo huhitaji sababu na ushahidi. Adabu za Mwambao humvuta mwandishi kwenye ombi hata pale anapostahili kukata rufani.

Mfano

Na ichukuliwe familia ya Mji wa Kale ambayo binti yao amepangiwa shule ya bweni ya mbali, ilhali wao wanataka asome kutwa katika shule iliyo karibu na Mama Ngina. Mzazi aweza kuandika:

(a) "Nawaomba mnionee huruma, mimi ni mzazi maskini na shule hiyo ni mbali mno."

Au:

(b) "Naomba uamuzi wa kumpangia binti yangu shule ya bweni utazamwe upya. Hutumia dawa kila siku chini ya uangalizi wa kliniki iliyo kisiwani. Barua ya daktari imeambatishwa."

Katika (a), kiambishi -ni- cha "mnionee" kinamfanya mzazi kuwa mlengwa; mtoto hatajwi kamwe. Kielezi "mno" nacho hakina kipimo. Katika (b), kauli ya kutendwa, "utazamwe", huelekeza macho kwenye uamuzi bila kumshutumu afisa yeyote. Adabu imehifadhiwa, na hoja haikupotea.

Haki ya Lugha

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inaitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Ibara ya 47 inampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi, nayo Ibara ya 53 inatanguliza maslahi ya mtoto. Mzazi, basi, halazimiki kutafuta mtu wa kumwandikia kwa Kiingereza.

Hitimisho

Lugha nzuri haizalishi nafasi pale ambapo madarasa yamejaa. Hata hivyo, huhakikisha kwamba mtoto hakukataliwa kabla ya hoja yake kusikilizwa. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili awezapo kuwafaa majirani zake kwa elimu yake.