FANGASI ZA MIGUU, KRIMU YA KUPAKA NA GAMBUTI ZA KIKUNDI

Mwezi huu tunaongea juu ya ugonjwa ambao wengi huona haya kuutaja: fangasi za miguu.

Kwanza tukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi kimoja cha bwawa la samaki kununua gambuti. Pesa zilikuwa chache, basi tukanunua jozi tatu kwa wanachama tisa, wakawa wanavaa kwa zamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya. Mvua zilipokwisha, watu sita walikuwa wakijikuna vidole mkutanoni. Mama mmoja, ambaye pia ana ugonjwa wa sukari, aliletwa kwetu mguu umevimba hadi karibu na goti, una moto, hawezi kukanyaga. Ufa mdogo kati ya kidole cha nne na kile cha mwisho ulikuwa umegeuka mlango wa bakteria. Ilibidi alazwe. Alipona, lakini alikosa msimu mzima wa kupanda.

Fangasi ni kuvu, jamaa ya ile inayoota juu ya mkate uliolala. Inapenda giza, joto na unyevunyevu, na ndani ya gambuti inapata vyote vitatu. Mtu huambukizwa kwa viatu, soksi, taulo au sakafu ya bafu la watu wengi. Si laana, wala si lazima mtu awe mchafu. Anayeoga kila siku na kuvaa viatu kabla ya kujikausha vidole anaweza kuipata vizuri sana.

Ngozi kati ya vidole huwa nyeupe na laini kama iliyolowekwa, inawasha, inabambuka, halafu inapasuka. Kwa wengine ni wayo mzima unaokauka na kutoa magamba, nao hudhani ni vumbi la shamba tu. Angalieni pia kama si funza, maana matibabu yake ni mengine kabisa.

Dawa inayopatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa ni krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1. Osha miguu, kausha kabisa kati ya kila kidole kwa kitambaa chako mwenyewe, kisha paka kiasi kidogo, ukipita ukingo wa mahali palipoathirika kama upana wa kidole kimoja. Nawa mikono. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, kwa wiki nne.

Hizo wiki nne ndizo zinazotushinda! Kuwashwa huisha baada ya siku chache, mtu anaacha, na tyubu iliyobaki anapewa jirani. Kumbe kuvu bado iko hai ndani ya ngozi. Mwezi ukiisha inarudi, naye anasema ati dawa za siku hizi hazina nguvu. Iko krimu nyingine, terbinafini, ambayo kwa fangasi ya katikati ya vidole mara nyingi hutosha kwa wiki moja. Kwa kawaida bei yake ni ya juu, lakini kwa mtu anayejijua ni msahaulifu inaweza kuwa nafuu.

Sasa jihadharini. Ziko krimu zenye steroidi, kama betamethazoni, zile zile ambazo wengine hujipakia usoni ili wawe weupe. Ukiipaka peke yake kwenye fangasi, mwasho unapoa haraka na unafurahi, kumbe kuvu inaenea chini kwa chini. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo, usitazame rangi ya boksi. Na asidi ya betri na mafuta ya taa, tafadhali viacheni. Tumeona vidole vilivyoungua.

Mwenye ugonjwa wa sukari asijitibu mwenyewe, aende zahanati mapema. Vilevile aende mwenye usaha, uvimbe au homa, na yule ambaye wiki nne zimepita bila nafuu. Kucha zikiwa nene na za njano, krimu haifiki ndani. Mara nyingi huhitajika vidonge, na hivyo huandikwa na daktari.

Kile kikundi cha samaki kilichanga pesa kidogo kidogo mpaka kila mtu akawa na gambuti zake, zenye alama ya rangi. Zikitoka kazini hupanguswa na kuachwa wazi zikauke. Mzee mmoja aligoma kuchanga, akisema mguu wake haujaugua tangu azaliwe. Tulipomwomba avue kiatu tuone, kucha zake zote mbili kubwa zilikuwa za njano. Alichanga siku hiyo hiyo.

Kabla ya mkutano wenu ujao, hesabuni katika kikundi chenu: gambuti ni jozi ngapi, na wanaozivaa ni wangapi? Leteni majibu, pamoja na tyubu zozote mlizo nazo nyumbani, tuzisome pamoja.