Njia Mbili za Intaneti

Mtu ashukaye kutoka Chiwata kwenda Masasi, akikuta njia imekatika, hugeuka. Ruta haigeuki mpaka iamriwe.

Muhula huu nilikabidhiwa ruta ya shule, yenye njia mbili: waya na simu. Niliandika sharti moja tu: yenye namba ndogo itangulie. Jioni moja waya ulikatika mbali. Ruta ilipoona kituo cha karibu ni kizima, haikuhama. Kidato cha nne tukakosa karatasi za mazoezi.

Sharti la pili ni hili: ruta ijaribu mashine ya mbali kwa waya ule ule, isipojibiwa mara tatu, ihamie simu.

Tena, tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za baharini EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchini. Basi, wasomaji wapenzi, njia mbili zitegemeazo waya mmoja wa baharini ni njia moja.