Hadithi kwa mtoto mkimya

SWALI: Mwanangu wa miaka sita ni mpole sana. Hadithi ya zimwi humkosesha usingizi, na babu yake anasema namdekeza. Nimsimulie nini? – Mama, Mikumi

JIBU: Humdekezi, mama. Hapo Mikumi, ambako barabara kuu ya Iringa inakatiza hifadhini, simba si mnyama wa kitabuni tu. Hofu ya mtoto ina msingi. Mpe kisa chenye tatizo dogo: ndama wa tembo amepotezana na mamaye, wanakutana kabla jua halijazama. Mwambie mwisho mapema ukiona anakunja uso. Utamu haupungui, watoto hudai kisa kilekile kila siku.

Sungura abaki, ila chagua visa ambamo anamzidi fisi akili bila mtu kuliwa. Kwa walioko Kilosa, ambako mafuriko ya mto Mkondoa ya mwanzoni mwa 2010 bado yanazungumzwa majumbani, visa vya mto unaomeza watu visimuliwe mchana, si usiku.

Ukimaliza, usimhoji amejifunza nini. Akinyamaza, nyamaza naye.

Babu naye usimnyime zamu: mwombe asimulie utoto wake, alivyochunga mbuzi au alivyopanda treni mara ya kwanza. Zimwi apumzike kwanza.