Jua Haki Zako: Simiti Ikila Mikono, Nani Alipe?

Kuanzia Kemera na Tombe hapa Manga hadi mjini Kisii, zege la nyumba nyingi bado huchanganywa kwa sepetu na kubebwa kwa karai. Wanaolichanganya mara nyingi wako mikono mitupu, na miguu yao imo katika viatu vinavyopitisha maji. Baada ya miezi au miaka, baadhi yao huota upele kwenye vidole na viganja, ngozi ikapasuka, ikatoa maji na kuwasha usiku kucha. Wenzao husema ngozi zao ni dhaifu, msimamizi humtafuta mwingine, na mgonjwa hurudi nyumbani akiamini ni bahati yake mbaya. Safu hii inashikilia kwamba huo ni ugonjwa wa kazini, kwamba unazuilika, na kwamba sheria ya Kenya imeweka wajibu wa kuuzuia, pamoja na gharama yake ukitokea, juu ya mwajiri.

Tuanze na simiti yenyewe. Malighafi yake huwa na madini ya kromiamu kwa kiasi kidogo. Katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450, sehemu ya kromiamu hiyo hugeuka kuwa ya aina iitwayo heksavalenti, ambayo huyeyuka kwa urahisi katika maji. Simiti ikishalowa huwa pia na ukali wa magadi, kipimo cha pH kikifika 12 au 13, na ukali huo huharibu tabaka la juu la ngozi. Kromiamu hupenya hapo, hubadilika ndani ya ngozi na kushikamana na protini za mwili, kisha kinga ya mwili ikaanza kuitambua kama adui. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida haumtoki mtu tena. Kiasi kidogo sana kinatosha kuamsha upele upya, na ndiyo maana fundi aliyefanya kazi miaka mingi bila shida anaweza kujikuta hawezi kushika mwiko hata kwa siku moja. Si kila upele wa simiti ni mzio wa kromiamu, kwa kuwa magadi peke yake huunguza. Hata hivyo chanzo ni kilekile, yaani simiti mbichi juu ya ngozi isiyokingwa.

Kwamba madhara haya yanazuilika si jambo la kubahatisha. Denmark ilianza kuongeza chumvi ya chuma, feri salfeti, katika simiti mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuidhoofisha kromiamu hiyo, na wagonjwa wa mzio huu miongoni mwa wajenzi wakapungua sana. Tangu Januari 2005, Umoja wa Ulaya umekataza kuuza simiti yenye zaidi ya sehemu 2 kwa milioni za kromiamu heksavalenti inayoyeyuka. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2010, limetaja magonjwa yatokanayo na kromiamu na pia mizio ya ngozi kuwa magonjwa ya kazini. Hakuna msingi, basi, wa kumwambia kijana wa Magombo kwamba ngozi yake ndiyo mkosaji.

Sasa sheria. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali watu wanapofanya kazi, iwe ya muda au ya kudumu, kwa hiyo hata ploti inayojengwa nyumba ya vyumba viwili imo. Kifungu cha 6 kinamtaka mwenye mahali pa kazi alinde afya ya wote wanaofanya kazi hapo. Kifungu cha 101 kinamtaka mwajiri awape walio katika kazi yenye majimaji au vitu vinavyodhuru mavazi ya kujikinga yanayofaa, zikiwemo glavu na viatu panapohitajika. Kinga ikishindikana, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inalipa si ajali tu bali pia ugonjwa uliotokana na kazi. Inagharamia matibabu na malipo ya muda ambao huwezi kufanya kazi, na ukipata ulemavu wa kudumu, fidia hupimwa kwa kiwango cha ulemavu huo, kikomo kikiwa mapato ya miezi 96.

Pingamizi la kwanza husikika kila mahali: "Wewe ni kibarua tu, huna barua ya kazi." Sheria haidai barua. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi hata kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja. Pingamizi la pili ni kwamba mwenye nyumba si kampuni. Ni kweli, lakini mwajiri ni yule anayekuajiri kwa ujira. Akikuajiri kontrakta, unamuuliza kontrakta. Akikuajiri fundi, fundi naye ni mwajiri wako. Akikuajiri mwenye nyumba mwenyewe, wajibu ni wake. Fundi aliyepatana bei ya kazi nzima na kuja na watu wake anaweza kuhesabiwa kuwa mkandarasi anayejitegemea, na hapo fidia ya WIBA huenda isimfikie yeye. Afahamu hilo kabla ya kukubali bei, aweke gharama ya kinga ndani yake.

Wengine husema wafanyakazi wenyewe hukataa glavu kwa sababu zinawachelewesha. Mfanyakazi ana wajibu wa kuvaa alichopewa, na sheria inasema hivyo wazi. Lakini aliyepewa glavu ya ngozi inayolowa simiti hajapewa kinga: simiti hukaa ndani yake ikiisugua mikono, na ngozi nyingi za viwandani huwa zimetengenezwa kwa kromiamu pia. Kinachofaa ni glavu ya mpira au naitrili isiyopitisha maji, gambuti, na maji safi ya kunawa karibu na kazi. Na kwa wanaolalamika kwamba gharama itapanda, nyumba isiyohesabu mikono ya mjenzi imeshahesabiwa vibaya. Gharama hiyo ipo tayari, ila analipa asiye na uwezo.

Ukiona dalili, nawa mara moja kwa maji safi, usitumie maji ya kuchanganyia zege. Nenda hospitali, mwambie daktari kazi unayofanya na umwombe aandike hivyo. Kipimo cha kubandika potasiamu daikromati mgongoni kinaweza kuthibitisha mzio, na daktari anayeshuku ugonjwa wa kazini anatakiwa kuuripoti. Mwarifu mwajiri kwa maandishi na ubaki na nakala. Weka majina ya mliofanya nao kazi, tarehe, ujumbe wa malipo ya M-Pesa na picha za mikono. Kisha peleka madai kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Ukiwa Manga, ofisi za kazi za Nyamira au Kisii ni pa kuanzia. Usikimbilie mahakamani kwanza: mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu wa WIBA unaoanzia kwa Mkurugenzi, na ukipinga uamuzi wake ndipo hatimaye unaweza kukata rufaa. Madai yana kikomo cha miezi 12, kwa hiyo usikae ukingoja upele upoe.

Kwa wanaojenga msimu huu: nunueni glavu na gambuti pamoja na mfuko wa kwanza wa simiti. Na kwa wanaojengea wengine: ombeni kinga kabla ya kushika sepetu, kwa sababu ni haki yenu.