Kaliba na Kichwa cha Risasi: Kwa Nini Bunduki ya Vita Si Bunduki ya Mawindo

Katika mazungumzo ya mipakani husikika hoja hii: ikiwa bunduki ya vita humwangusha mtu, itashindwaje kumwangusha swala? Basi aliyeikuta imefichwa porini ana kosa gani akiitumia kutafutia kitoweo? Somo la toleo hili limeandaliwa hapa Kicukiro kwa ajili ya ndugu zetu waishio kandokando ya Akagera, Nyungwe na Virunga. Litaijibu hoja hiyo kwa kuitazama kwanza risasi yenyewe, kisha sheria.

Risasi nzima ina ganda, fataki, baruti na kichwa. Kinachoruka ni kichwa peke yake. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, nao hupimwa kwa milimita au kwa sehemu za inchi. Wengi hudhani kwamba upana ndio nguvu. Sivyo. Nguvu hutokana na uzito wa kichwa pamoja na mwendo wake, na mwendo ndio wenye neno kubwa: uzito ukiongezeka mara 2, nguvu huongezeka mara 2, mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu huongezeka mara 4.

Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako huwindwa paa wenye pembe za matawi, wanyama wasiopatikana katika mapori yetu. Sheria ya England ya mwaka 1991 inataka bunduki ya kuwawindia iwe na kaliba isiyopungua inchi 0.240, yaani milimita 6.1 hivi, na nguvu mdomoni mwa mtutu isiyopungua jouli 2,300 hivi. Sasa itazame risasi ya AK-47. Upana wake ni milimita 7.62, kichwa kina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka kwa mwendo wa karibu mita 715 kwa sekunde. Nguvu yake ni jouli 2,000 na ushei. Ni pana zaidi, lakini haifikii kiwango cha kumwulia paa. Nyamera wa Akagera, mwenye kilo 100 na zaidi, si mnyama mwepesi kuliko wengi wa paa hao. Kuhusu nyati, nchini Tanzania, ambako uwindaji wa leseni upo, haruhusiwi kupigwa kwa kaliba iliyo chini ya inchi 0.375.

Kaliba, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Kichwa cha risasi ya kijeshi kimefunikwa chote kwa gamba gumu la metali. Sababu yake mojawapo ni sheria ya vita: Azimio la Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazopanuka mwilini mwa mtu. Kwa mwindaji mambo ni kinyume kabisa. Sheria hiyo ya England humlazimisha kutumia kichwa chenye ncha laini au yenye tundu, kinachofunguka kama uyoga kinapoingia mwilini, kikaacha nguvu yake yote kifuani ili mnyama afe upesi. Kichwa cha kijeshi aghalabu hutoboa tundu jembamba na kupita. Mnyama hukimbia na jeraha lake.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na atakayemkuta kesho yake huenda ni mama anayetafuta kuni au mtoto achungaye mbuzi. Naye mnyama hajui mpaka. Apigwaye upande mmoja huweza kwenda kumuua mtu upande wa pili. Kichwa kilichopita nacho hakijafika mwisho wa safari. Msomaji aliyewahi kufika kwetu ataelewa tukisema kwamba risasi iliyofyatuliwa kizembe penye mzunguko wa Sonatubes yaweza kuangukia mbele ya Kicukiro Centre.

Wapo watakaomtaja Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, na kuwaua wengi kwa bunduki ya milimita 7 tu. Ni kweli. Lakini Bell alikuwa amechunguza mafuvu ya tembo hadi akajua ubongo ulipo, na matokeo ya kazi ya watu wa namna yake si jambo la kujivunia leo. Katika msitu wa Nyungwe, tembo wa mwisho alikutwa amekufa mwaka 1999.

Sasa sheria. Nchini Rwanda raia hamiliki bunduki bila kibali, kama isemavyo Sheria Na. 56/2018 kuhusu silaha, na ndani ya hifadhi za taifa hakuna uwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi zetu kuziwekea bunduki alama na kuziandika katika kumbukumbu. Kwa hiyo bunduki iliyookotwa haigeuki kuwa ya aliyeiokota.

Ukikuta bunduki au risasi, usiiguse, na usiwaache watoto waichezee wala waitupe motoni. Weka alama mahali pale, kisha umjulishe kiongozi wa kijiji au upige simu polisi kwa namba 112. Ukiona nyayo zenye damu, usizifuate. Toa habari mapema, ukieleza mnyama alielekea wapi na kama amevuka mto, ili walio ng'ambo nao waonywe.