Maumivu Yanayobaki Baada ya Kidonda Kupona

Wasomaji wengi wa kurasa hizi wamekwisha jifunza habari za mishipa ya fahamu katika somo la Biolojia. Twaichora katika madaftari, twaandika majina yake, twapata alama zetu, kisha twafunga daftari. Leo nataka kueleza jambo moja ambalo mchoro ule hauonyeshi, yaani maumivu ya mishipa hiyo yanayomkaa mtu aliyepasuliwa, hata kidonda chake kikiisha kupona. Nimelijua kwa sababu ya mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti mwaka 2022, baada ya pikipiki yake ya abiria kugongwa na lori.

Kwanza tupatane juu ya neno. "Mshipa" katika Kiswahili ni neno lenye kazi nyingi. Wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, na wazee wengine huita hata ngiri mshipa. Mimi nasema ule wa fahamu, mweupe mfano wa uzi, ambao kazi yake ni kupeleka habari kati ya mwili na ubongo. Ukijikwaa, habari ya kwanza hufika ubongoni upesi sana, kali kama sindano. Ya pili huja nyuma kwa nyuzi nyembamba, ambazo mwendo wake ni kama wa mtu atembeaye kwa miguu, nayo ndiyo yale maumivu mazito yanayofukuta. Kila aliyepata kupiga kidole gumba kwenye jiwe ajua nisemalo.

Maumivu ya namna hii ni mjumbe mwema. Kidonda kikipona, mjumbe hana habari tena, naye hunyamaza. Lakini daktari hawezi kukata mguu bila kukata na mishipa ya fahamu iliyomo. Mshipa uliokatwa hujaribu kuota tena, kadiri ya milimeta moja kwa siku, ukitafuta njia yake ya zamani. Usipoiona, nyuzi zake hujisokota mahali pamoja na kufanya fundo dogo ndani ya kigutu. Fundo hilo huweza kupeleka habari ya maumivu pasipo jambo lolote kutokea, kama kengele ya shule inayolia usiku wala hakuna mtu aliyeigonga. Tena uti wa mgongo na ubongo, kwa kuisikia kelele ile kila siku, huzoea vibaya: badala ya kuipunguza, huiongeza.

Madaktari wameweka mpaka wa miezi 3. Maumivu yakidumu kupita hapo baada ya kupasuliwa, na ikiwa hakuna sababu nyingine kama usaha, huhesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake. Wala si kwa waliokatwa viungo tu. Huwapata pia baadhi ya watu waliopasuliwa ngiri, au titi, au kifua, na hata akina mama waliozaa kwa kupasuliwa. Basi msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa magongo peke yao.

Utayajuaje? Mjomba alisema kwamba vidole vya mguu usiokuwapo vinaungua kana kwamba vimetiwa makaani. Alisema kwamba mara nyingine hupigwa kama na umeme, akaruka kitandani. Ngozi ya kigutu, upande mmoja ilikuwa na ganzi, na upande wa pili hakuweza kustahimili hata shuka limguse. Hizo ndizo dalili zenyewe: kuungua, umeme, sindano nyingi, ganzi iliyo jirani na maumivu, na kitu laini kuumiza. Mgonjwa akimwambia daktari "naumwa" tu, hupewa vidonge vya kawaida. Akieleza kwa maneno haya, daktari hutambua kwamba hapa pana jambo la mishipa ya fahamu.

Maumivu katika kiungo kisichokuwapo si habari mpya. Ambroise Paré, daktari mpasuaji wa Ufaransa katika karne ya 16, aliandika juu yake. Kisha Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwatibu askari wengi waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, na mwaka 1871 akakiita kiungo hicho kwa neno lenye maana ya kivuli au mzuka. Leo yajulikana kwamba zaidi ya nusu ya watu waliokatwa viungo hupatwa na maumivu hayo. Sababu moja ni kwamba ubongo una ramani ya mwili mzima, na mguu ukiondolewa ramani haifutwi.

Nyumbani kwetu jambo hili lilileta ugomvi. Mguu wa mjomba ulikuwa umezikwa nyuma ya migomba. Shangazi mmoja alisema ulizikwa vidole vimekunjwa, ndiyo maana vinauma. Basi wakaufukua, wakavinyosha, wakauzika tena, na mbuzi mmoja akaliwa. Mjomba alilala vema siku mbili. Siku ya tatu alilia mpaka alfajiri. Wengine husema zile siku mbili ni ushahidi. Mimi nasema kwamba maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe, na tena mtu aliyezungukwa na jamaa zake hupata faraja, nayo faraja si kitu kidogo. Hata Marekani kumesimuliwa visa vya watu waliofukua viungo vyao ili kuvinyosha, kwa hiyo tusimcheke shangazi. Walioniudhi ni wale waliosema kwamba mjomba adanganya kwa kuwa hataki kazi.

Sasa niseme juu ya matibabu. Parasetamoli na dawa za uvimbe hazifai sana hapa, kwa sababu hakuna kidonda wala uvimbe wa kutulizwa. Nchi yetu ya Uganda yasifiwa kwa mofini ya kunywa, ambayo Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, iliieneza kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Hiyo ni dawa kubwa, lakini kwa maumivu ya mishipa ya fahamu siyo inayotangulizwa. Zinazotangulizwa ni dawa zilizotengenezwa kwa magonjwa mengine. Amitriptilini ilianza kama dawa ya ugonjwa wa huzuni, na gabapentini ni dawa ya kifafa. Zote mbili hupunguza kelele katika mishipa.

Bibi aliposikia mwanawe amepewa dawa ya huzuni alikasirika sana. Akafunga safari hadi hospitalini.

"Daktari, mwanangu hana wazimu. Ameumia mguu."

Daktari akamjibu kwa upole: "Mama, najua. Lakini majivu yale yale unayosugulia sufuria, si ndiyo unayohifadhia maharagwe yasiliwe na wadudu? Dawa moja yaweza kuwa na kazi mbili."

Bibi akanyamaza, kisha akauliza itamezwa saa ngapi.

Humezwa usiku. Huanza kidogo, miligramu 10 au 25, na daktari huongeza polepole. Jambo gumu ni kungoja, maana nafuu huja baada ya majuma kadhaa, lakini taabu zake huja siku ile ile: kinywa hukauka, choo hufunga, na asubuhi kichwa ni kizito. Juma la kwanza mjomba alitaka kuvitupa vidonge chooni, akisema kinywa chake ni kama amekula unga mkavu. Katika juma la 5 alilala hadi jogoo akawika. Mwenye ugonjwa wa moyo lazima amwambie daktari kabla ya kuanza, na vidonge viwekwe mbali na watoto, kwa kuwa vikimezwa vingi vyaweza kuua. Gabapentini nayo haifai kuchanganywa na pombe, wala na mofini bila amri ya daktari. Na dawa hizi zote mbili haziachwi ghafula. Hazimfai kila mtu, wala si kawaida kuyafuta maumivu yote. Shabaha ni kuyapunguza hata mtu aweze kulala na kufanya kazi.

Jirani mmoja alimshauri mjomba ajipake pilipili, nasi tukacheka. Kumbe jirani hakuwa mbali na kweli. Katika pilipili mna kitu ambacho huamsha nyuzi za maumivu kisha huzichosha, na madaktari wana dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwacho. David Julius, aliyegundua mwaka 1997 mahali kinaposhika katika nyuzi hizo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Hata hivyo pilipili ya sokoni isipakwe katika kigutu. Itaunguza ngozi bure.

Kuna na matibabu yasiyo ya dukani. Mtaalamu wa viungo alimfundisha mjomba kukizoesha kigutu kuguswa: kwanza pamba, siku chache baadaye kitambaa laini, kisha taulo, dakika chache kila mara, mchana na jioni. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu mfano wa mlango, na habari ya kuguswa yaweza kuufunga mlango huo mbele ya habari ya maumivu. Fikira zao zimesahihishwa mahali pengi tangu hapo, lakini mama yeyote asuguaye goti la mtoto aliyeanguka anautumia mlango ule.

Lililonishangaza zaidi ni kioo. V. S. Ramachandran, mtaalamu wa California, alilianzisha jambo hili katika miaka ya 1990. Mgonjwa hukaa na kuweka kioo kirefu katikati ya miguu, upande unaoonyesha ukielekea mguu mzima. Akitazama humo huona kana kwamba ana miguu miwili. Huchezesha mguu mzima polepole, hukunja vidole na kuvikunjua, na ubongo huona mguu uliopotea ukitii. Mwaka 2007 madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza kwamba watu 6 waliofanya hivyo dakika 15 kila siku kwa majuma 4 walipata nafuu wote. Watu 6 ni wachache, na majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote. Lakini kioo hakina sumu, na bei yake yajulikana.

Mjomba aliazima kioo kwa fundi cherehani wa sokoni. Siku ya kwanza watoto wake walicheka, naye akawafukuza. Baada ya majuma mawili aliniambia, "Mpwa wangu, vile vidole vilivyokuwa vimekaza kama ngumi vimefunguka." Sikumwuliza vidole gani.

Nyumba yenye mgonjwa wa namna hii itazame dalili nyingine pia. Kigutu kikivimba, kikiwa cha moto, kikitoa usaha, au mgonjwa akishikwa na homa, hiyo si kelele ya mishipa bali ni habari ya kweli, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mguu wa bandia ukibana mahali pamoja na kuumiza, urudishwe kwa waliouchonga ukatengenezwe.

Mjomba sasa ni fundi wa baiskeli chini ya mwembe karibu na soko. Usiku wa mvua na baridi maumivu bado humjia. Huwasha taa, hukisugua kigutu kwa taulo, hukaa na kioo chake robo saa, kisha hurudi kulala. Fundi cherehani amekwisha nunua kioo kingine.